Besi ya Kuvuka Barabara

Cibitoke, Bujumbura
6 Novemba 1994

Kwako Khaled, mpiga solo wa zamani, mkubwa wa bandari wa leo,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Hayat. Hapa tuko, na besi sina. Ukumbi wetu wa Bwiza walivunja mlango wakabeba kila kitu, hata viti, hata lile pazia ulilolichoma na sigara. Gitaa langu limeenda pamoja na viti. Sha, nililia siku ya kwanza, siku ya pili nikachoka kulia. Nitafutie besi huko Kigoma. We uko bandarini, vitu vyote vinapita mbele ya pua yako.

Sikiliza vizuri, maana we ni mutu wa solo na masikio yako yanaishi juu. Mi sitaki besi ya kung'aa. Nataka sauti nzito, nyeusi, ya chini kabisa. Sauti isiyoanzia sikioni, inaanzia tumboni. Ukiipiga, mutu wa nyumba ya tatu aache kutafuna ajiulize ni nini hiyo. Ikiwa na sura nzuri na sauti nyembamba, iache huko huko. Ikiwa mbaya hata watoto wanaikimbia, lakini nzito, basi hiyo ni yangu.

Tuna arusi Januari, kubwa, Buyenzi. Orkestra inarudi, apana mchezo. Amissi na ngoma zake yuko mzima, anamsalimu dada yake sana na kumtakia afya njema.

Barua hii anakuletea Télesphore, fundi wa mashine kwenye meli ya mizigo. Gitaa nalo mpe yeye. Malipo anayo mfukoni, na maneno hana, mashine ilishamziba masikio.

Mwenzio wa jukwaani,
Méthode


Kigoma
19 Novemba 1994

Ndugu yangu Méthode,

Asalaam aleikum na bonjour, chagua mwenyewe. Pole sana kwa gitaa. Pole na kwa pazia pia, ingawa sigara ile ilikuwa ya Amissi na wewe unajua.

Nimepata! Iko dukani Mwanga, nyekundu, mpya kabisa, unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Na sauti, we bwana! Ukigusa tu, tiin! Kila noti inasimama peke yake, safi, imeoga. Kuna nyingine misheni, nyeupe, ya kwaya, wanaiuza kwa sababu mpigaji wao ameoa akahama. Nayo tamu. Ila mimi nasema nyekundu. Kwani besi nyeusi unaitaka ya nini? Ni arusi au matanga? Bibi arusi akisikia mngurumo huo atarudi kwao.

Hayat ni mjamzito, atajifungua mwezi wa kwanza inshallah. Miguu imevimba na ulimi umenolewa. Anauliza kaka yake amekatika mikono? Tuliondoka Buja mwaka jana, huyo ni kaka yake wa pekee, tumbo moja, na mpaka leo hajaandika hata mstari. Mwambie Amissi ashike kalamu, nami nipate usingizi nyumbani kwangu.

Nijibu upesi, nyekundu itachukuliwa.

Wako,
Khaled


Cibitoke
30 Novemba 1994

Khaled,

Nyekundu iache ichukuliwe. Nilijua tu. Mpiga solo ukimtuma kununua ng'ombe, atachagua mwenye kengele.

Fanya hivi, ndivyo tulivyokuwa tunachagua mi na Amissi, bila umeme. Chukua gitaa, kichwa chake kile chenye funguo ukibane kwenye mlango wa mbao, mlango mzito, apana wa bati. Mutu mwingine asimame upande wa pili, mgongo kwenye mlango. We piga kamba nene peke yake, wazi, halafu iache inyamaze yenyewe. Usimuulize amesikia nini. Muulize imemgusa wapi. Akisema kwenye meno, au masikioni, rudisha gitaa kwa mwenyewe. Akisema imeingia mgongoni ikashuka, funga mzigo.

Msimamishe Hayat mlangoni. We nakupenda lakini masikio yako siyaamini, na yeye katoka kwenye nyumba ya ngoma.

Amissi ana kazi nyingi siku hizi, mazoezi, huku na huku. Anamsalimu dada yake sana na kumtakia afya njema.

Méthode


Kigoma
12 Desemba 1994

Kaka Méthode,

Leo kalamu ninayo mimi, Hayat. Khaled nimemtuma sokoni na nimemtajia vitu vingi ili achelewe.

Nimesimama nyuma ya mlango kama askari, na tumbo langu hili. Nyekundu ilinigusa meno, kama mtu anayetafuna kijiko. Nyeupe ya misheni ilifika mabegani ikaaga. Khaled alikasirika, akasema basi ataniletea takataka nione tofauti. Akaleta ya Mawazo. Huyo ni Mkongomani, alikuwa akipiga besi hotelini, siku hizi anauza dagaa, hizi ndagala zetu. Gitaa lake rangi imekwisha, mbao imekuwa nyeusi kwa jasho, kamba zimeganda mafuta ya samaki, paka wawili walimfuata Khaled mpaka uani.

Akapiga. Kaka yangu, haikuja sikioni kabisa. Iliingia kiunoni ikazunguka, na mtoto aliyekuwa akinipiga mateke tangu alfajiri akatulia tuli. Nikamwambia Khaled piga tena. Nikalia, wala sijui nililia nini. Hiyo ndiyo besi yako, na hata Khaled amekubali.

Sasa tuzungumze. Mara mbili umeandika "anamsalimu dada yake sana na kumtakia afya njema". Amissi? Amissi huyu ninayemjua mimi? Tangu nipate akili hajawahi kunitakia afya njema. Ananiita Bati, kwa sababu nilipokuwa naimba utotoni alisema ni mvua juu ya mabati. Angesikia nina mimba, angesema tumwombee mtoto afanane na Khaled, angalau awe na shingo. Salamu zile ni zako wewe, umezishona mwenyewe, na hukuzishona vizuri.

Amissi yuko wapi?

Besi iko kitandani kwangu, upande wa Khaled. Khaled analala mkekani. Haitoki hapa mpaka unijibu. Na usinifiche kwa ajili ya ujauzito, tafadhali. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Hayat


Cibitoke
21 Desemba 1994

Shemeji Hayat,

Umenikamata. Nisamehe. Nilidhani nikikuambia huko mbali, na hali yako hiyo, nitakuwa nimekutupia mzigo bila mutu wa kukusaidia kuubeba.

Nyumba ya Amissi iko Kamenge, unaijua, karibu na fundi baiskeli. Mi niko Cibitoke. Katikati kuna ile barabara tuliyokuwa tunaivuka na ngoma kichwani, tunakula mishikaki upande ule, tunakunywa upande huu. Tangu mwezi wa tisa mutu wa huku haendi kule, na wa kule haji huku. Ukivuka hawakuulizi jina, wanakuangalia pua wakusome kabila. Nilituma watu wanaoweza kupita. Mmoja akarudi akasema nyumba imeungua na Amissi amekufa. Mwingine akasema amekimbilia Uvira. Mutu mmoja hawezi kufa na kukimbia. Maana yake hakuna anayejua, na mi nasema ni mzima. Amissi hawezi kufa bila kuniambia kwanza kwamba nimekosea mwendo.

Arusi hakuna. Nilidanganya hapo pia. Besi ni ya kumwita yeye. Sauti nyembamba inaishia kwenye ukuta wa kwanza. Sauti nene inapita ukuta, inapita barabara, na hakuna anayeidai kitambulisho. Unaukumbuka wimbo wetu wa kufungulia arusi? Mi naanza na kamba nene, halafu nanyamaza, nafasi hiyo ni ya Amissi, anaijaza na ngoma, halafu naendelea. Ngoma ziko nyingi mjini, mutu akisikia ngoma hajui ni ya nani. Lakini kipande kile tunakijua sisi. Akikisikia atajua Méthode yuko hai, hajahama, anamngoja. Wengine watadhani ni jenereta.

Na siku ya kupiga ipo. Hapa kuna siku za ville morte, wanaufisha mji: hakuna basi, hakuna soko, hakuna mutu njiani mchana kutwa. Watu wanaziogopa. Mi nazingoja. Mji ukinyamaza hivyo, besi itatembea mpaka kwake.

Niletee hiyo ya ndagala. Na Khaled arudi kitandani, maskini.

Méthode


Kigoma
2 Januari 1995

Méthode,

Hayat alisoma barua yako akairudia, akairudia tena. Nilikaa tayari na maji ya kunywa, nikijua atazimia. Hakuzimia. Aliinuka akatoa kanga zake mbili, zile nzuri, akaifunga besi mwenyewe kama mtoto mchanga. Akaniambia, "Mfikishie." Basi inakuja, na Télesphore ameapa haitakaa karibu na mashine.

Na mimi nina mchango wangu. Sikuweza kuituma katika hali ile, ndugu yangu. Sisi watu wa Buyenzi hatupeleki zawadi chafu kwenye nyumba ya mtu, marehemu mama angefufuka anichape. Nimeisugua kwa sabuni, nikaipaka nta. Zile kamba zinazonuka samaki nimezing'oa zote, nimekuwekea mpya za dukani, zinawaka kama fedha. Mpiga solo hubadilisha kamba kila arusi. Wewe nawe upate raha hiyo angalau mara moja maishani.

Utanishukuru.

Khaled


Cibitoke
11 Januari 1995

Khaled! Yampayinka! Umefanya nini?

Nani alikutuma kuosha? Mpiga besi anabadilisha kamba siku akioa, na ndoa ikivunjika anarudisha zile za zamani! Weusi wote ulikuwa mle, kwenye mafuta ya Mawazo na jasho lake la miaka yote. Umeniletea malkia, halafu ukamvalisha kengele.

Leo ilikuwa ville morte. Niliamka mapema, nikafunga amplifaya kwenye batri ya gari, nikakaa. Mji kimya, hata mbwa walinyamaza. Nikapiga. Ting! Ting! Vijiko kwenye beseni! Mtaa mzima ulijua kwamba Méthode ana gitaa jipya. Mama wa nyumba ya pili alipiga kelele kwamba watu wako kwenye matatizo na mi nacheza. Vijana wa kona wakaja kuangalia nani anasherehekea siku kama hii, na uso wao haukuwa wa kucheka. Nilizima haraka nikaificha chini ya kitanda. Kuvuka barabara? Sauti haikufika hata kwenye kona.

Siku nzima ya ukimya imepotea bure. Amissi kama yuko pale, hakusikia chochote.

Nataka zile kamba. Usithubutu kuniambia umezitupa.

Méthode

Mwambie Hayat mbao yenyewe ni kweli kabisa. Nimeibana kwenye mlango wangu. Alichagua vizuri.


Kigoma
23 Januari 1995

Kaka Méthode,

Nimejifungua, alhamdulillahi. Mtoto wa kiume, mzito, na shingo anayo.

Kamba hizi hapa, nimezikunja kwenye gazeti. Nilikuwa nimefungia mlango wa banda la kuku. Nimezifungua, kuku wawili wameondoka na mpaka sasa hawajarudi, hao nitakudai wewe. Mawazo alipopata habari kwamba besi yake imeoshwa kwa sabuni alishika kichwa, halafu akacheka mpaka akaketi chini kati ya dagaa zake. Anasema rudisha kamba na usizifute. Kaanga ndagala kwa mawese, kula kwa mkono, usinawe, kaa upige. Kila siku fanya hivyo. Tena ukate kipande cha godoro ukisokomeze chini ya kamba, kule mwisho, karibu na mkono wa kulia, ili zisipige kelele. Khaled alikuwa amesimama pale, anaangalia miguu yake. Msamehe, alitaka kukutendea wema.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma. Siku ya saba imepita, akika tumefanya, mbuzi ameliwa, na mtoto hana jina. Wazee wa Khaled wanataka aitwe Amissi, jina la mjomba lisipotee. Wanalisema kwa upole, wananishika mkono, na upole huo ndio unaonitia hasira. Nikimpa jina hilo leo nitakuwa nimemzika kaka yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Na nikimpa jina jingine watasema nimemsahau. Nimekataa yote mawili. Majirani wanamwita Huyu. "Huyu amelala? Huyu amenyonya?" Basi na aitwe Huyu. Nakungoja wewe.

Piga, Méthode.

Hayat


Cibitoke
9 Februari 1995

Shemeji Hayat,

Hongera, hongera sana, na Khaled hongera, nimekusamehe nusu. Utaona karatasi ina mafuta. Ni ndagala. Nimezila mpaka naota nina mapezi.

Kamba zimerudi kwao. Na wiki hii mji ulikufa tena, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nimepiga siku zote, mchana, kila nilipoona kumetulia. Hayat, sauti hiyo! Haikupiga kelele hata kidogo. Ilishuka chini ya nyumba ikaondoka. Yule mama wa nyumba ya pili alitoka akauliza nani ana jenereta, tukalaumu watu wa nyuma. Mi napiga kipande changu, nanyamaza nafasi ya Amissi, nasikiliza, naendelea.

Sikusikia kitu. Siwezi kukudanganya tena, niliapa. Niliweka sikio ukutani, nikaweka sikio chini kwenye sementi. Upande ule kimya, siku zote tatu.

Mtoto usimpe jina bado. Mi sijachoka. Ville morte zitakuja nyingine, hapa hatuzikosi, na ndagala ziwani hazijaisha. Amissi alikuwa anachelewa hata mazoezini.

Méthode


Cibitoke
6 Machi 1995

Hayat,

Kuna nesi wa hospitali kubwa, anaitwa Dévote, anapita pande zote mbili kwa sababu ya koti lake jeupe. Wiki iliyopita alibisha kwangu, akaniangalia vidole, akauliza, "Ni hapa anapokaa ule mutu wa besi anayekimbia mwendo?"

Nilikaa chini palepale mlangoni. Alidhani nimeugua, akataka kunipima.

Nilimwandikia kaka yako habari zenu zote usiku uleule. Leo Dévote ameleta jibu. Ni lako, lakini halikuwa na bahasha, nimelisoma, na fundi viatu amelisoma, na yule mama wa nyumba ya pili amesomewa. Kuhusu mwendo usimsikilize. Mwendo wangu ulikuwa sawa.

Méthode


Kamenge
4 Machi 1995

Kwako Bati,

Kwanza mwambie huyo Méthode anakimbia. Jumatatu alikimbia kidogo, Jumanne sana, Jumatano kama mutu aliyefukuzwa na mbwa. Miaka yote namwambia, ukiniachia nafasi niachie nzima, usirudi kabla sijamaliza. Hasikii.

Nyumba iliungua, ni kweli, na ngoma zote ndani yake. Uvira sikwenda. Fundi baiskeli alinificha kwake na bado niko hapa, nanyoosha rimu za watu. Mi nami niliambiwa Méthode amekufa. Aliyeniambia aliapa. Basi nikaacha. Sikupiga tena hata meza, hata paja langu, mi ambaye ulikuwa unanifukuza jikoni kwa kupiga masufuria.

Jumatatu hiyo nimeegemea ukuta, sina habari, ukuta ukaanza kunung'unika mgongoni. Fundi akasema, "Nani ana mafuta ya jenereta wakati huu?" Nikamwambia nyamaza, huyo si jenereta, huyo ni mutu wangu. Nilivuta bidoni, lile dumu la maji, nikamwaga maji yote, fundi akanitukana mimi na ukoo, wewe ukiwemo. Nafasi yangu ikafika. Nikaingia na bidoni langu.

Siku tatu, Bati. Hakuna nafasi hata moja aliyoiacha ambayo sikuijaza. Najua hakusikia, bidoni ni bidoni. Lakini tulipiga wimbo wote pamoja, mpaka mwisho, na nililia bila aibu mbele ya fundi. Kumpata Dévote ndiko kulikochelewesha, maana kila mutu anamwomba.

Nimesikia habari za mtoto. Wanasema shingo anayo. Basi amefanana na Khaled, tumshukuru Mungu.

Ila jina langu msimpe. Mtafutieni lake. Hili bado nalitumia.

Kaka yako,
Amissi